Siku Mbili na Gari la Kuchomeka

Shangazi yangu Puseletso alivunjwa mtulinga kwa nyundo mwezi wa Juni, saa nne asubuhi, kwenye geti la duka kubwa, watu wakiwa wananunua kabichi hatua kumi kutoka pale. Kisha waliompiga wakalimwagia gari lake petroli na kuliwasha. Aliniambia baadaye kwamba hakulia kwa ajili ya bega. Alilia alipoona usukani unayeyuka na kuning'inia kama ulimi.

Yeye ni dereva wa teksi ya simu hapa Katlehong, ile unayoiita kwa programu ikakufuata hadi mlangoni. Wenye mabasi madogo wanasema madereva kama yeye wanawanyang'anya abiria, kwa hiyo wanalipa watu wa doria, wenye fulana za kijani, wakae kwenye mageti ya maduka makubwa na kuwasaka. Kila dereva ana namna ya kujificha. Abiria anaombwa akae mbele, aonekane shemeji au jirani. Jina lake unalikariri kabla hajafunga mlango, ili mkisimamishwa useme huyu ni binamu yangu. Na ukiona fulana ya kijani, kitu cha kwanza ni simu: unaing'oa kwenye dashibodi na kuisokomeza kifuani. Shangazi anafanya hivyo bila hata kutazama. Miaka sita ya kazi, mkono umeshajifunza wenyewe.

Bima ilipolipa, Septemba, tukaenda yadi ya magari kule Alberton, yeye, baba yangu na mimi. Muuzaji, kijana anayeitwa Tumisang, alituonyesha mawili, yote ya mseto, yaani yenye injini ya petroli na mota ya umeme pamoja. Moja jeupe, la kawaida. Hilo halichomekwi popote. Kila ukikanyaga breki linajirudishia umeme kidogo. La pili lilikuwa la buluu na lina kifuniko ubavuni. Unachomeka waya wa umeme, linakwenda kama kilomita hamsini bila petroli, umeme ukiisha injini inawaka. Niliuliza ule umeme wa breki unatoka wapi hasa, na Tumisang alifurahi mpaka akafungua boneti. Alituambia pia kwamba la buluu haliondoki likiwa limechomekwa, hata ukilisukuma kwa trekta. Ni usalama, alisema, watu wasije wakang'oa ukuta.

Baba alitaka jeupe. "Huku kwetu umeme unakatwa alfajiri na jioni, Pusi. Hilo la buluu utalichomeka wapi, puani?"

"Jeupe ndilo watu wa doria wanalolijua," shangazi akamjibu. "Madereva wa simu wote wako kwenye jeupe. Nikikaa ndani yake nimejiandika kwenye paji la uso."

La buluu lilikuwa gari la matajiri wa vitongoji vyenye miti. Hakuna mtu wa doria ambaye angelidhania linabeba abiria. Baba alianza kusema habari za mafuta na shangazi akamkatiza. Alivuta kola ya blauzi akamwonyesha ile nundu ambapo mfupa uliunga vibaya. Alisema anataka gari litakalomwezesha kufanya kazi bila kupigwa tena, mengine yote baba anaweza kuyapeleka kanisani.

Tumisang akampa la buluu alijaribu siku tatu.

Siku ya kwanza alirudi akicheka. Alipita mbele ya geti lile lile alipovunjiwa bega, na mmoja wa wale wale wa doria akasimamisha magari mengine ili yeye apite. Alimwita mama, tena kwa heshima, mkono mmoja umeshika kiwiko. Shangazi alisimulia hilo mara tatu wakati wa chakula, na kila mara mwanamume yule aliinama chini zaidi.

Siku ya pili umeme ulikatika betri haijafika nusu. Kufika adhuhuri injini ikawaka, na akaona linakunywa mafuta kuliko lile lililochomwa, kwa sababu linaburuta betri nzito isiyo na kitu. Alinipitia shuleni saa tisa akiwa amenuna. Tukaenda duka kubwa, ambako kuna mashine ya kuchajia mwisho kabisa wa maegesho. Akachomeka. Mashine ikasema itachukua saa mbili na nusu. Tukanunua kota, mkate uliochimbwa ukajazwa chipsi na soseji, tukala tumejifungia ndani.

Wakaja watatu wenye fulana za kijani, wakipita katikati ya magari. Hawakuja kwetu. Baba haamini, lakini mimi nilikuwepo. Walikuwa wanaliangalia gari jeupe safu mbili mbele. Mmoja alitutupia jicho, likapita, kama linavyolipita gari la daktari. Ndipo mkono wa shangazi ukaenda. Simu ikatoka kwenye dashibodi ikaingia kifuani.

Yule mtu akasimama. Akaja dirishani taratibu, rungu limelala begani.

"Mama, hiyo simu imekukosea nini?"

"Nilikuwa naongea na mume wangu."

"Mpigie tena. Tumsalimie."

Shangazi akabonyeza kuwasha. Kwenye kioo cha dashibodi kikatokea kipicha cha plagi, cha njano. Alijua. Wote wawili tulijua. Aliingiza gia mara tatu hata hivyo, na gari likakaa. "Linanikatalia," akasema kwa sauti ndogo, si kwangu, kwa gari.

Pigo la kwanza liliufanya mlango wote utetemeke. La pili lilileta kioo mapajani mwa shangazi. Yule mtu akapitisha mkono, akazungusha misuko ya shangazi kwenye ngumi, akamvuta nje ya dirisha mpaka shingo ikalala kwenye ukingo wa kioo uliobaki. Damu ilinirukia kwenye sweta la shule, ya moto. Wa pili alikuwa amefika mlangoni kwangu na kuniambia kwa adabu kabisa, "Shuka, binti. Hili linaungua sasa hivi." Niliushikilia mlango kwa mikono yote miwili. Mlinzi wa duka, hatua thelathini kutoka pale, aligeuka akaanza kusoma bango.

Shangazi akamng'ata mkono yule aliyemshika misuko. Niliusikia mlio wake, na sitaki kuuelezea. Yule mtu alipoachia, shangazi akasukuma mlango kwa magoti yote mawili, wakaanguka wote wawili chini. Alitambaa hadi ubavuni mwa gari, akabonyeza ufunguo, kufuli ya waya ikafunguka, akauchomoa. Kichwa cha waya ule ni kizito kama tofali. Aliuzungusha kwa mkono mzima, ukampata yule mtu kwenye taya akiwa anainuka. Akaketi chini. Alishika mdomo kama mtu aliyesahau alichotaka kusema, na meno yakatoka katikati ya vidole. Shangazi angeweza kumwacha hapo. Alimpiga tena, na tena, akihesabu mifupa yake mwenyewe: huu wa bega, huu wa bega, huu wa bega.

Yule wa tatu alimfikia shangazi na mjeledi wa mpira, akamchapa mgongoni mara mbili kabla hajaingia. Gari likaondoka bila sauti yoyote. Tulipanda juu ya kitu laini, nyuma yetu mtu akapiga ukelele, na shangazi hakutazama kwenye kioo.

Zahanati ilimshona nyuzi kumi na moja shingoni. Baba alifika akapiga ukuta ngumi mpaka nesi akamtoa nje. Alisema basi, aache kuendesha, auze maandazi na mama yangu. Shangazi alikuwa ameitoa simu kifuani. Alikuwa anasoma ujumbe kwenye kundi la madereva: gari la buluu la plagi, mwanamke, amemvunja mtu taya na mguu, mageti yote yanalitafuta.

"La buluu liko moja tu Katlehong," akaniambia. Akaniomba nisimame dirishani nihesabu yale meupe yanayopita. Kwa robo saa nilihesabu kumi na manne.

Kesho yake alirudisha la buluu, siku moja kabla ya muda. Tumisang aliona dirisha, akaona damu iliyokauka mlangoni, akaenda kumtafutia kiti. Bima ya yadi itashughulikia, alisema, huku akimtazama shingo. Shangazi alitia saini mkataba wa jeupe akiwa amesimama. Kijana, kwa kutaka kumfurahisha, akasema kuna jekundu la aina ile ile ya jeupe, bei moja, limeingia jana.

"Jeupe," shangazi akasema. "Na usiniwekee hata stika ya yadi yenu."

Tulitoka, baba akitufuata kwa pikapu yake. Mbele yetu kulikuwa na mawili kama letu, kushoto moja. Kwenye taa za pili simu yangu ikalia.

"Nimewapoteza," baba akasema. "Ninyi ni lipi?"

Shangazi alisikia. Akakanyaga mafuta, akajipenyeza katikati ya yale mengine.