Mashine ya Unga Tuliyoichagua Mara Mbili

Nakumbuka asubuhi moja pale Chakol, mwanangu, miaka michache baada ya Uhuru, akina mama walipopanga foleni mara ya kwanza mbele ya mashine yetu ya unga. Tulikuwa wakulima watatu tulioungana kuwa kampuni ndogo. Kila mmoja aliuza jozi yake ya ng'ombe wa plau, kwa hiyo mashine ikishindwa tungerudi kulima kwa jembe la mkono. Mimi katekista, kwa kuwa nilisoma Kiingereza, ndiye niliyetumwa Kisumu kuichagua.

Muuzaji alisaga mahindi mbele yangu, unga ukatoka mweupe, laini. Nikatia sahihi bila swali hata moja. Mungu anisamehe, niliona haya kuonekana mtu wa kijijini.

Sasa wa kwanza kwenye foleni, Mama Amoit, akamimina muhogo mkavu uliochanganywa na wimbi, kama tunavyokula sisi Wateso. Punje za wimbi zikapita nzima nzima. Akachota unga, akautazama kiganjani.

"Katekista, hiki ni chakula cha kuku. Ulienda Kisumu bila hata konzi moja ya wimbi?"

Wenzake wakacheka, wakabeba mizigo kurudi kwenye mawe yao ya kusagia. Nikawafuata nikiwaambia basi walete mahindi. Mzee Okisai, mkubwa wetu katika kampuni, akanishika mkono.

"Unataka watu wabadilishe chakula kwa sababu wewe ulipenda mashine? Kamwombe yule mama msamaha. Halafu akufundishe kununua."

Maneno hayo yalinichoma. Nilisali siku mbili ndipo nikamwendea, nikamwomba msamaha na kumsihi anifundishe.

Mama Amoit akakubali. Tukavuka mpaka pale Malaba hadi Tororo, Uganda, kwa fundi aliyezoea mashine za watu wanaokula kama sisi, mama akiwa na gunia lake la muhogo na wimbi. Fundi akatia chujio la kwanza katika mashine yake iliyofanana na yetu, akasaga. Mama akausugua unga kwa vidole, akakataa. La pili pia akakataa.

"Ssebo," fundi akaniuliza, yaani bwana kwa Kiganda, "mnunuzi ni wewe au huyu mama?"

"Mimi nalipa tu. Anayejua ni yeye."

La tatu lilikuwa na matundu madogo kabisa. Mama akaonja unga, akafunga gunia. "Hili twende nalo."

Nikalinunua chujio hilo, na fundi akanifundisha kulifunga na kulifungua mwenyewe. Wiki ile akina mama wakarudi. Baadaye wakaja hata wa kutoka Moding, mbali na kwetu, wakizipita mashine mbili njiani. Kufika msimu wa kulima, kila mmoja wetu alikuwa amenunua tena jozi ya ng'ombe kwa faida yake. Mashine ya pili tuliinunua tukiwa na akina mama watatu na magunia yao, na siku ilipoanza kusaga tuliimba mpaka sauti zikakauka.

Mwanangu, kampuni yako ikikutuma kutafuta mashine mpya, usitosheke na maonyesho ya muuzaji. Beba kazi yenyewe mnayofanya. Nenda na yule atakayeitumia, na umpe ruhusa ya kukataa. Usirudi kabla hujajua kuirekebisha. Na ukikosea, kiri mapema, watu wasije wakazoea kwenda kwingine.

Mungu wa rehema, aliyeniinua kwa mdomo wa Mama Amoit, akupe masikio ya kusikia. Abariki kazi ya mikono yako, na nyumba nyingi zishibe kwa ajili yako. Amina.