Guja Ugule

Mwezi jana nilikuja Kericho kurekodi tangazo la majani ya chai, nikamwomba dereva tushuke hadi kambini nilikozaliwa. Nyumba za wachumaji zimefungwa. Mashine zimechukua kazi yao. Lakini ng'ambo ya ua wa kayaba, moshi ulikuwa ukitoka jikoni kwa jirani yetu.

Sisi tulikuwa watu wa kuja, kutoka upande wa ziwa. Mama alitoka na kikapu alfajiri, nami nikashinda kwa huyo jirani, mama Mkipsigis mwenye ng'ombe watatu. Hakujua lugha yetu, nami kwa uvivu sikujifunza yake. Tulikuwa na Kiswahili tu, na chake, rafiki yangu, kilikuwa na vituko: b ilikuwa p, k ikawa g. Adhuhuri alisimama uani akaita, "Mtoto, guja ugule!" Nilitimua mbio. Ugali wa moto, mboga za sagaa zilizolazwa kwenye maziwa, mursik, yaani maziwa ya kuganda ya kibuyu, yenye harufu ya mkaa. Nikitaka kurudi kucheza alinikalisha: "Shipa gwanza."

Nilipoitwa Nairobi kujaribiwa kwa kipindi cha vichekesho, woga ulinikausha midomo. Nikajifunga leso kichwani kama yeye, nikashika kiuno, nikapaza sauti: "Guja ugule!" Chumba kizima kilivunjika mbavu. Kazi nikapata. Kwa miaka watu waliniitia maneno hayo barabarani, nami nikawapungia mkono kwa madaha. Sikuwahi kujiuliza kama kwake kuna televisheni.

Siku hiyo ya mwezi jana alinipokea kwa mikono miwili, akanitazama sana, akasema kitu kwa Kikipsigis. Nilimjibu kwa Kiswahili. Akatabasamu tu, akamgeukia mjukuu wake wa kike.

"Kogo aliacha Kiswahili," mjukuu akaniambia kuhusu nyanya yake. "Watoto wa shule walikuwa wanapita hapa wakimwitia ile yako ya TV. Akasema basi, haongei tena."

Nilikosa pa kuweka macho. Nimechekesha nchi nzima kwa mdomo huu, na hapo sikuwa na neno moja ambalo angelisikia kutoka kwangu. Najuta, na sijui kujuta kwa lugha yake.

Alileta sufuria, akaifunua, akasema jambo kwa sauti ya chini. Nikamtazama mjukuu.

"Anasema kuja ukule."