Gari Lililofunguliwa Pua

Loth ni mtoto wa shangazi yangu, kwa hiyo nitakayoyasema hapa nayasema kwa kibali cha ukoo. Mtu wa nje akiyasema ni matusi. Mimi nikiyasema ni mambo ya kifamilia.

Alikuwa dereva wa lori katika shamba moja la mkonge huko tambarare. Shamba likapata mwekezaji, mwekezaji akapata wazo, na wazo lilikuwa kwamba nusu ya watu waende nyumbani. Wenzake walipopewa kiinua mgongo walifanya mambo ya watu wazima: huyu cherehani, yule mashine ya kusaga, mwingine mbuzi wa maziwa. Loth alipanda basi la Dar es Salaam bila kumuaga mtu. Aliporudi Same alikuwa ndani ya gari jekundu la milango miwili, lililotoka Japani likapita Dubai, likachoka kote huko kabla ya kufika kwetu.

Lazima ukumbuke ilikuwa miaka gani. Muda mfupi tu kabla ya hapo tulikuwa tunapanga foleni ya sabuni tukiwa hatujaoga. Halafu tukaambiwa ruksa, kila kitu kiingie. Vikaingia kweli: mitumba ya kafa Ulaya, redio zenye taa za rangi, viatu vya mguu mmoja mmoja, na Loth.

Gari lenyewe lilikuwa la kukalia chini, kama uko mkekani. Tena otomatiki. Pale stendi ya Same otomatiki ilikuwa haijaeleweka.

"Mguu wa kushoto unafanya nini humo?" kijana mmoja wa stendi alimuuliza.

"Unapumzika."

"Basi ungeuacha nyumbani ukasaidie kulima."

Loth alipandisha kioo. Ilibidi akizungushe kwa mkono, na kilipanda taratibu, kwa hiyo vicheko vyote vilimwingia.

Sasa, Loth alikuwa na mchumba, Careen, fundi wa kushona, ambaye wiki nzima alikuwa Same na mwisho wa wiki alikuwa kwao milimani, Chome. Mwanamke mwenye akili timamu, jambo ambalo hadi leo linatushangaza. Baba yake ni mzee Eliaichi, mzee wa usharika wa Kilutheri, mwenye migomba, kahawa kidogo na maneno machache yenye uzito wa mawe ya kusagia. Loth akaona ni vema akamwonyeshe mkwe gari.

Halikufika. Kona ya pili baada ya kuanza kupanda lilichemka, likakohoa, likasimama. Kina mama waliokuwa wanatoka gulioni walitua mizigo yao wakamsukuma mkwe mtarajiwa, kona baada ya kona, mmoja wao akiwa na mtoto mgongoni. Habari zilifika uwanjani kwa mzee Eliaichi mapema kuliko gari.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Umekuja na gari, au gari limekuja na kina mama?"

Loth alianza kueleza mambo ya joto la injini. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, kama anavyosikiliza mahubiri ya mgeni. Kisha akasema:

"Sikiliza, kijana. Walikupa pesa ya kuanzia maisha, ukanunua kiatu chekundu. Sitaki ugomvi. Siku utakayopanda mpaka hapa na kushuka mpaka tambarare, mkono wa mtu usiguse hilo gari, harusi ni Desemba hii, watu wetu wote wakiwa nyumbani. Likisukumwa tena, unaliuza kwanza, unanunua kitu kinachozaa, ndipo tutazungumza tarehe."

Mtu mwingine angeliuza kesho yake, akashukuru kwamba amepewa binti kwa masharti rahisi namna hiyo. Loth alikwenda kwa fundi Iddi.

Iddi alitoka Tanga kuja kutengeneza mitambo ya mkonge. Naye alipunguzwa, akafungua gereji nyuma ya soko la Same: mabati manne, shimo moja, na picha ya gari la mashindano iliyochanwa kutoka gazeti la kigeni. Picha hiyo ndiyo ilikuwa elimu yake ya juu. Alifungua boneti, akainama, akanusa injini kama mtu anayenusa mboga ya jana.

"Bosi, gari lako lina nguvu ya farasi. Ila limezibwa pua. Halipumui."

"Tufanyeje, fundi?"

"Tulifungue pua."

Wakalifungua. Lile kopo la kusafishia hewa, ambalo Wajapani waliliweka pale kwa sababu wao si wajinga, lilitolewa likawa bakuli la kuku. Mahali pake Iddi alichomelea mdomo wa bati mpana kama faneli ya mafuta ya taa, akatoboa boneti ili mdomo ule uchungulie nje upate upepo. Same ina upepo wa kutosha, hilo nakubali. Ila upepo wa Same haujawahi kusafiri peke yake. Huja na vumbi, manyoya ya kuku na miiba. Siku ya kwanza injini ilimeza vumbi la wilaya nzima ikaanza kupiga chafya. Ndipo Loth akaenda kwa Careen kuomba soksi ndefu za kike, zile nyepesi za kwendea kanisani.

"Za nini?"

"Za gari."

Careen alimtazama, akampa moja. "Nyingine nabaki nayo," alisema, "ili nikumbuke nilikuwa na akili siku gani."

Soksi ikavishwa kwenye mdomo wa bati. Baada ya hapo Iddi akatoboa jeti za kabureta kwa spoku ya baiskeli aliyoinoa kwenye jiwe, ili petroli nayo iongezeke. Taimingi aliipanga kwa sikio, macho ameyafumba, utadhani anaongoza kwaya. Mwisho akaikata sailensa.

"Na giaboksi?" nikauliza.

"Giaboksi ya otomatiki haifunguliwi," Iddi alisema. "Hiyo ni kati ya Mungu na Mjapani."

"Nyamaza wewe," Loth akaniambia. "Diploma yenyewe ya ufundi hukuimaliza."

Ni kweli sikuimaliza.

Kuanzia siku hiyo Same ilipata taabu. Gari likipita, mbuzi wanapanda barazani, maongezi yanakatika, na wagonjwa wanajikuta wamekaa. Wale vijana wa stendi waliomcheka sasa wakawa wanakimbia nyuma yake. Watu wetu ndivyo walivyo: ukiwa mjinga kimya kimya wanakucheka, ukiwa mjinga kwa kelele wanakusifu. Tatizo likawa moja tu. Lile gari sasa lilikunywa petroli kama maji ya mtoni, na Loth ni Mpare. Aliendesha jicho moja likiwa barabarani na jingine kwenye mshale wa tangi, uso wake kama wa mtu anayetazama mgeni akijipakulia nyama.

Siku ya kupanda aliichagua mwenyewe. Alichagua Jumamosi ya msaragambo. Kwa asiyetujua, msaragambo ni hivi: pembe inapigwa, kila nyumba inatoa mtu na jembe, mnakwenda kuzibua mfongo wa maji ya shambani au kuziba mashimo ya barabara, na asiyetokea anatozwa. Maana yake siku hiyo kijiji kizima kimesimama kando ya njia, kina mikono ya kupiga makofi, na hakina pa kukimbilia. Loth alitaka watazamaji. Angepanda Jumatatu, leo nisingekuwa na la kuandika.

Nilikaa nyuma, kwenye kiti kilichotengenezwa kwa ajili ya mkoba, magoti yakiwa masikioni. Na sitadanganya, likapanda. Mngurumo uligonga mlima huu ukajibiwa na ule, moshi mweusi ukalala juu ya migomba kama kilemba cha mfiwa, na lile bati lilivuta hewa kwa sauti ya mzee anayekunywa uji wa moto. Watu waliokuwa wanachimba mfongo waliinuka na majembe yao. Kina mama walewale waliolisukuma mara ya kwanza walijifunika pua kwa khanga, lakini nao walitazama. Likaingia uwanjani kwa mzee Eliaichi likanguruma mara moja zaidi kwa ajili ya heshima, kuku wakapotea mpaka jioni.

Tukalishwa makande. Loth alikula akiwa amenyoosha shingo. Mzee alilizunguka gari mara moja, akaitazama ile soksi kwa muda, akakata shauri asiulize.

"Nusu," alisema, akachukua jembe lake akarudi kwenye msaragambo.

Tulipoanza kushuka Careen alikaa mbele. Loth ndiye aliyeng'ang'ania apande, aonekane naye. Mimi niliongezewa mkungu wa ndizi mapajani. Gari lilinguruma vizuri mpaka tulipoacha nyumba za kwanza. Halafu nikasikia ndege. Upepo. Mtu anakohoa mbali huko bondeni. Loth alikuwa ameweka frii na kuzima injini.

Hapa nieleze kidogo. Miaka ya shida, petroli ilikuwa ya kibali, na dereva yeyote wa huku aliyejiita dereva alishuka milima hii injini imezimwa. Ukikaribia bondeni unaingiza gia, lori linashtuka, linawaka lenyewe. Loth alikuwa bingwa wa mchezo huo. Alisifiwa mpaka na mabosi. Kwa hiyo mtu huyu alitoboa jeti, akakata sailensa, akafungua pua, ili gari linywe zaidi. Halafu mbele ya mteremko mkono wake ukakumbuka foleni za zamani ukazima.

"Mbona kimya?" Careen aliuliza.

"Tunashuka bure."

"Loth, washa gari."

"Mama, mlima ni wa Mungu. Petroli ni yangu."

Breki ikashika kona ya kwanza, ikashika na ya pili. Ya tatu pedali ikawa ngumu kama jiwe la msingi, kwa sababu breki za gari lile zilisaidiwa na injini, na injini ilikuwa imelala. Loth hakushtuka. Alifanya alichofanya miaka yote: akasukuma mkono wa gia kwenye D, akingoja gari lishtuke liwake. Otomatiki haina habari hizo. Haikushtuka. Akazungusha ufunguo. Kimya. Gari hilo halikubali kuwashwa likiwa kwenye D, na yeye hakuwahi kuambiwa, kwa kuwa hakuwahi kuuliza.

"Inakataa," alisema, kwa sauti ndogo ambayo sikuijua.

Careen alivuta breki ya mkono kwa mikono yake yote miwili, akaegemea nyuma kama mtu anayemvuta ng'ombe. Huyo ndiye aliyetuokoa. Gari lilipunguza mwendo, likaparaza ukingo wa mlima, likainamisha kichwa, na kwa unyenyekevu mkubwa likaingia mdomo mbele ndani ya mfongo uliokuwa umezibuliwa asubuhi hiyohiyo. Maji yalipita ndani ya soksi. Hakuna aliyeumia, isipokuwa ndizi.

Msaragambo mzima ulikuwa hatua chache kutoka pale. Walikuja polepole, hakuna aliyekimbia. Wengine walificha midomo. Mzee Eliaichi alifika wa mwisho, jembe begani.

Loth alikuwa ameshatoka, suruali imelowa mpaka magotini. "Baba," alisema, "lisisukumwe. Tutafute kamba. Litavutwa. Wewe ulisema kusukuma, hukusema kuvuta."

Mzee alilifikiria neno hilo kwa haki kabisa. Kwetu hata kesi ya kuku husikilizwa mpaka mwisho.

"Nilisema mkono wa mtu usiguse," alijibu. "Kamba itashikwa na nini? Meno?"

Hata Loth mwenyewe alikaribia kucheka. Watu wakaweka majembe chini, wakaingia majini, wakasukuma. Kina mama walewale wakiwa mbele kabisa, walishazoea. Gari lilipokuwa barabarani linadondosha maji, mzee akamgeukia.

"Mwanangu, unajua tulivyokubaliana. Hili unauza. Ukishanunua cha maana, harusi Pasaka. Au ubaki nalo, na mimi nibaki na binti yangu. Sema."

Ilikuwa rahisi hivyo. Neno moja tu. Loth alimtazama Careen. Akalitazama gari. Akapangusa tope kwenye taa kwa kiganja, taratibu, akalizunguka upande wa pili kuona kama limeumia. Akainama akachungulia chini. Mimi nilikuwa namwomba Mungu mtoto wa shangazi yangu afungue mdomo.

"Nauza," alisema hatimaye, akiwa bado ameinama.

"Haya," mzee akasema. "Pasaka."

"Hapana, baba," Careen alisema. Alikuwa anakamua pindo la sketi yake, wala hakuinua sauti. "Iwe Desemba ya mwaka ujao. Jibu amelitafuta sana. Tumpe muda alizoee."

Akafunga khanga kiunoni, akaanza kushuka kwa miguu kuelekea Same. Loth alibaki pale na ufunguo mkononi.