Kijani cha Kahawa ya Karurumo

Wiki hii nilikuwa kwenye saiba, duka la huduma za kompyuta, mjini Meru nikingoja fomu yangu ichapishwe, lakini dada wa kaunta alikuwa na shughuli nyingine. Alikuwa akiunda programu kwenye kompyuta yake. Alibadilisha namba moja, madirisha na vitufe vyote vya skrini vikageuka rangi, akatikisa kichwa.

"Unavipaka vyote mara moja?" nikauliza.

"Rangi nimeiandika mara moja tu, hapa mwanzoni mwa faili. Nimeipa jina 'nyumbani'. Nikiibadilisha, programu inaibadilisha kila mahali."

Akampigia mama yake aliye kijijini Karurumo, simu ikiwa kwa spika. "Mama, majani ya kahawa yetu yalikuwa kijani gani?"

"Kijani ya kahawa! Kwani iko ingine? Na si tuling'oa yote?"

Dada aliweka simu chini polepole, akafunika jicho moja kwa kiganja, akaongeza weusi kidogo kwenye kijani cha skrini.

"Bado," akasema.

Fomu yangu ilipotoka, niliichukua nikaondoka. Mimi pia niling'oa kahawa ya baba, nikapanda muguka, majani ya kutafuna yanayoleta pesa haraka. Muguka nao ni kijani, na kila asubuhi nauangalia nikitafuta kile kingine, cha kahawa.