Siku Nilipogeuza Maneno ya Mama

Mtu akiniambia tena niombe ili nitulie, nitamwambia atulie yeye kwanza. Nimechoka na sala za kubembelezwa. Mwanamke mwenye hasira akiingia kanisani hapa Lodwar, kila mtu anamkimbilia na ushauri uleule, kana kwamba hasira ni kikohozi na sala ni dawa ya kijiko, asubuhi na jioni. Leo namwombea mwanamke mmoja wa Kakuma kila siku nikikanda unga wa mandazi, na siku nyingi namwombea nikiwa nimekunja uso. Namwombea hivyohivyo. Asiyependa uso wangu asiutazame.

Kazi yangu ni kupika katika nyumba ya wageni, Nawoitorong. Miaka kadhaa nilikuwa pia kiongozi wa sala katika jumuiya yetu ndogo ya wanawake, tuliokutana kila Jumatano alasiri. Sauti ninayo, na woga wa kusimama mbele ya watu sikuzaliwa nao. Kisha ikaja simu kutoka Kakuma, anakoishi mama yangu, nyumba yake ikiwa hatua chache tu kutoka kambi ya wakimbizi.

Kwenye bomba ambalo wenyeji na wakimbizi huchota pamoja, maji yalikuwa karibu kufungwa. Foleni ikavurugika. Mwanamke mmoja kutoka Sudan Kusini akauvuta mtungi wa mama ili aweke wake, na mama, ambaye hajawahi kuachia kitu chake maishani, hakuuachia. Akaanguka nao kwenye saruji. Mkono wa kulia ukavunjika, ukafungwa plasta, ukapona umepinda. Mama alikuwa akisuka vikapu vya majani ya mkoma tangu kabla sijazaliwa. Sasa vidole viwili haviwezi kubana jani.

Jumatano iliyofuata simu ile niliongoza Baba Yetu mpaka pale penye kuwasamehe waliotukosea, nikanyamaza. Wenzangu wakamalizia wenyewe. Tulipotoka, mwenyekiti wetu, mama mpole ambaye sijawahi kumsikia akipandisha sauti, akanishika bega.

"Dada, muombe Mungu akupe amani. Ukishatulia, utaweza kumpenda."

"Na nisipotulia?"

"Ngoja tu. Mungu ana wakati wake."

"Basi na yeye angoje," nikasema, nikajifunga leso yangu nikaenda zangu.

Mama kwa upande wake hakungoja chochote. Alibatizwa uzeeni, hajui kusoma, na husali tumbaku ikiwa shavuni, jambo ambalo padri alishachoka kulikanya. Nilipokwenda kumuuguza, nilimsikia kila asubuhi akimtajia Mungu watoto wake, mbuzi wake, halafu "yule mrefu", ndiye mwanamke wa bombani. Nilidhani anamshtaki. Nilifurahi kabisa, nikasogea nisikie vizuri. Kumbe anamwombea.

"Nataka unipeleke kwake," akaniambia kwa Kiturkana. "Lugha yetu haijui, na mimi Kiswahili sikijui. Utanisemea."

Nilijua anachotaka. Kwetu watu wanaamini kwamba mzee aliyeumizwa akikaa na uchungu wake kifuani, uchungu huo humfuata aliyemuumiza hadi kwa watoto wake. Wa kuufuta ni mzee mwenyewe: anamrushia mtu huyo maji kutoka kinywani, anamtamkia baraka, na yameisha. Mama hakuona ugomvi wowote kati ya maji hayo na yale ya ubatizo. Mimi ndiye niliyekuwa nikisema mbele ya jumuiya kwamba mambo hayo ni ya zamani. Na mimi huyohuyo, kiongozi wa sala, nilitaka uchungu wa mama umfuate yule mwanamke. Nilitaka umkute nyumbani kwake. Ndivyo nilivyokuwa, na sioni kwa nini nijipake mafuta nionekane vingine.

Tulikwenda Jumamosi asubuhi, kabla jua halijakolea, tukiulizia njia kambini. Mama alibeba chupa ya maji kwa mkono wa kushoto na akakataa nimpokee. Tulimkuta mwanamke yule mbele ya nyumba yake ya mabati, akichambua dengu kwenye sinia. Kweli ni mrefu. Shingoni alikuwa na rozari nyeupe ya plastiki, na hiyo ndiyo iliyonikera kuliko vyote. Alipomtambua mama alisimama ghafla hata dengu zikamwagika.

"Ejok," mama akamsalimu.

"Ejok," akaitikia. Salamu hiyo Kakuma haina asiyeijua.

Mama hakuzunguka. "Mwambie mkono huu nimeuachilia. Sitaki umfuate yeye wala watoto wake."

Nikamgeukia mwanamke. "Mama anasema umemharibia mkono wake wa kazi. Anasema vikapu hawezi kusuka tena, na Mungu aliona, na usidhani hiyo rozari itakuficha."

Maneno yalitoka matamu kama sukari guru. Yule mwanamke aliinamisha macho, akasema, "Pole sana, mama. Mimi ilitafuta nyumba yenu mara mbili. Ikafika karibu, ikaogopa, ikarudi."

"Anasema nini?" mama akauliza.

"Anasema hana la kusema."

Mama alimtazama yule mwanamke usoni. Akanitazama na mimi. Akafungua chupa, akajaza maji mdomoni pamoja na tumbaku yake, akasogea mbele. Nyumba ya pili alikuwapo mama mmoja wa Kikongo akianika nguo, naye alipoona mashavu ya mama yamefura alipiga ukelele.

"Eh! Mungu wangu! Ule bibi anataka kumutemea mate!"

Yule mwanamke akainua mkono kumnyamazisha. "Wacha," akasema. "Hata kwetu wazee inabariki hivi."

Akapiga magoti mchangani, kwa sababu bila hivyo mama asingemfikia. Mama akamrushia maji kichwani, akamrushia kifuani, akataja watoto, maji, njia na usingizi, akamalizia kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu. Mwanamke aliitika amina kila mama alipotua. Neno lolote la Kiturkana hakulielewa, na hakukosea pa kuitikia hata mara moja. Alikuwa analia. Mimi nilisimama pembeni na Kiswahili changu, nikaona aibu, na aibu yenyewe ikanipandisha hasira upya.

Tukakaribishwa mkekani. Chai ikaletwa, ya mkandaa, bila maziwa, sukari nyingi. Mama alikuwa akinywa kwa raha zake wakati mwanamke aliponiinamia na kusema polepole, "Dada, maneno ya mama ilikuwa kidogo. Yako ilikuwa mingi."

Ningeweza kukana. Nilikuwa na majibu matatu tayari.

"Yale yalikuwa yangu," nikasema. "Mama alisema amekuachilia."

"Ilijua. Uso yake haikuwa ya kugombana." Akapangusa maji yaliyokuwa bado yanamtiririka shingoni. "Sasa wewe. Wewe mwenyewe inasema nini?"

"Mimi nakuchukia."

Nilingoja anifukuze. Nilitaka anifukuze, nirudi Lodwar nikiwa na haki yangu mkononi.

"Sawa," akasema. "Mimi pia iko na watu ya kuchukia, kule nyumbani. Walichoma kwetu. Kila siku inaombea hao kwa majina. Inachukia, inaomba. Saa ingine inaomba na meno imefunga."

"Na amani unapata?"

"Siku ingine, ndiyo." Akaniongezea chai. "Lakini kama ingengoja amani ije kwanza, hao watu hakuna mtu angeombea."

Sikuwa nimewahi kusikia jambo hilo likisemwa kanisani kwetu, na nimekaa kanisani miaka mingi. Hakuniambia nitulie. Hakuniambia nisiwe nilivyo. Alikuwa amefunga meno kama mimi, na kazi ilikuwa inaendelea.

"Mnazungumza nini muda wote huo?" mama akauliza, akiweka kikombe chini.

Safari hii nilitafsiri. Nilianza mwanzo, nikamwambia nilichokisema badala ya maneno yake, neno kwa neno. Nikamwambia kwamba mwanamke alitutafuta mara mbili nami nikamficha hilo. Nikamwambia kwamba nimemtamkia chuki nikiwa nakunywa chai yake, na kwamba bado ninayo, na kwamba sitaigiza sina ili mtu yeyote afurahi, hata yeye.

Mama alisikiliza hadi mwisho. Kisha akaichukua ile chupa, akayatia mdomoni maji yote yaliyobaki, akageuka, na kunirushia mimi usoni.

Yule mwanamke ndiye aliyesema amina.