Sumaku Tuliyoifuata Dodoma

Safari hii niliifanya kwa ajili ya jicho la kaka yangu. Msengi ni fundi wa kuchomelea vyuma pale Kiomboi, na mageti mengi ya mji ule yametoka mikononi mwake. Mwaka huo jicho lake la kushoto lilianza kufifia, na kichwa kikawa kinamuuma upande uleule. Daktari aliyemwona alihofia kwamba huenda kuna uvimbe nyuma ya jicho, akatuandikia twende Dodoma kwa kipimo cha MRI.

Mimi ni mwalimu wa fizikia. Kidato cha sita huwa nawafundisha fizikia ya kwanta, yaani elimu ya vitu vidogo kuliko punje yoyote, atomu na vilivyomo ndani yake. Nilikuwa nikiifundisha kwa chaki, na wanafunzi wanaikariri kwa ajili ya mtihani. Sasa ilikuwa inakwenda kuingia kichwani mwa ndugu yangu wa tumbo moja. Tangu tulipopewa ile karatasi sikutulia. Nilikuwa naacha chakula katikati, nasimama mlangoni, halafu sikumbuki nimefuata nini.

Kinampanda, kijijini kwetu, tuliondoka asubuhi, baada ya kumuaga mama. Alituombea kwa Kinyiramba, akamshika Msengi kichwa kwa mikono miwili kama mtu anayepima uzito wa boga. Aliniuliza mashine hiyo inaonaje ndani bila kupasua. Nikamwambia inatumia sumaku. Hakuridhika, nami sikuwa na utulivu wa kueleza zaidi.

Kutoka Kiomboi basi lilishuka hadi Misigiri, likakamata lami ya kwenda Singida. Alizeti zilikuwa zimechanua pande zote mbili. Msengi alikaa dirishani akifunika jicho zima kwa kiganja, anajaribu lile bovu kwenye kila kibao tulichopita, kisha anageuza. Nilimwomba aache. Aliacha kidogo, akaanza tena.

Ili kumtoa huko nikamuuliza chuma kikipata moto kinaanza na rangi gani. Akasema wekundu, kisha chungwa, kisha njano, mwisho karibu na nyeupe. Nikamwambia elimu ninayofundisha ilianzia hapo. Wataalamu wa zamani walipiga hesabu za mwanga wa kitu cha moto na hesabu zikawagomea, hadi mmoja wao alipokubali kudhani kwamba nishati haitoki mfululizo kama maji ya bomba, inatoka vipande vipande, wala hakuna nusu kipande. Hesabu zikakubali. Kutokana na wazo hilo watu wakaja kuelewa jinsi jani la alizeti linavyokamata jua, na jinsi ya kutengeneza sola na simu aliyokuwa nayo mfukoni. Alisikiliza kwa makini. Akataka kujua na hiyo mashine.

Nikamweleza kwamba mwili wa mtu kwa sehemu kubwa ni maji, na ndani ya maji kuna haidrojeni. Kiini cha kila atomu ya haidrojeni ni kama kisumaku kidogo sana. Ukikiweka kwenye sumaku kubwa, kipimo kinakikuta kimeelekea upande mmoja au mwingine; hakikikuti katikati hata siku moja. Mashine inavisukuma visumaku hivyo kwa mawimbi ya redio, kisha inasikiliza vinavyorudi. Uvimbe unarudi kwa namna yake, na ubongo mzima kwa namna yake.

“Na kabla hujapima, kimeelekea wapi?” akauliza.

Nikamjibu kwamba kitabu kinasema jambo hilo bado halijaamuliwa. Hakuuliza tena. Nilidhani nimefundisha vizuri.

Singida mjini tulibadilisha basi. Lilichelewa, na sisi wote wawili hatukuweza kukaa kwenye benchi. Tulizunguka stendi, tukanunua maji ambayo hatukuyanywa, tukarudi, tukaondoka tena. Tulipopata nafasi, mawe makubwa ya Singida yakabaki nyuma yetu, tukapita Ikungi, tukapita Manyoni, tukateremka mlima wa Saranda jua likiwa linapoa.

Kintinku ndiko alikoolewa mama mdogo Eliwaza, mdogo wake mama. Tulipanga kulala kwake ili kesho yake tuwahi Dodoma. Tuliwaamkia shikamoo yeye na mumewe, baba mdogo Lungwa, Mgogo mfugaji asiyeacha jambo mpaka alielewe. Mama mdogo alikuwa anapika mlenda. Alipotia chumvi, nyingine ikaangukia kwenye makaa na mwali ukaruka njano kali. Nikajikuta naeleza kwamba kila kitu kikiungua kina rangi yake, kwa sababu elektroni zake zina ngazi zake za kupanda na kushuka, na kwa njia hiyo wanakemia wanatambua kilichomo kwenye unga, na wataalamu wa nyota wanajua jua limeundwa na nini bila kulifikia. Nilikuwa naongea kwa haraka. Nilijua ni woga unaonisemesha.

Baba mdogo aliuliza, maadamu damu ina chuma, hiyo sumaku haitaivuta? Nikamwambia chuma cha damu kimefungamana na vitu vingine, hakivutwi kama msumari. Akakubali. Lakini nilimwona Msengi anaacha kula.

Asubuhi alikuwa amekaa kwenye kigoda nje, mkoba haujafungwa. Alisema haendi.

“Mimi nimevuta vumbi la chuma tangu ujana,” akasema. “Halafu wewe mwenyewe umenifundisha kwamba kitu kisipopimwa hakijaamuliwa. Niache hivyohivyo. Nisipoangaliwa, bado ni mzima.”

Mama mdogo alisimama na kikombe cha chai mkononi. Mimi nilitaka kumpigia kelele na kumkumbatia kwa pamoja, nikatembea hadi kwenye zizi na kurudi. Kisha nikachuchumaa mbele yake.

“Kaka, hiyo ni habari ya kiini kimoja cha atomu, tena kiwe peke yake,” nikamwambia. “Kitu kikubwa hakipati upweke huo. Joto linakigusa, damu inakigusa, chembe za mwili zinakigonga kila mara. Kilichomo kichwani mwako kimeshaamuliwa. Sisi tu ndio hatujui.”

“Na kama ni kibaya?”

“Kitakuwa kibaya hata ukikaa hapa.”

Alinitazama kwa jicho lake zima. Baba mdogo aliingia ndani, akautoa mkoba, akaufunga kwa mkanda nyuma ya pikipiki yake. Msengi akainuka, akapanda. Mimi nikawafuata kwa miguu hadi barabarani.

Dodoma, kwenye hospitali kubwa tuliyoelekezwa, tulifika mbele ya mlango mzito wenye tangazo la kukataza vyuma. Mhudumu wa kipimo, dada mmoja mpole, alimuuliza Msengi maswali ya kawaida: ana kifaa chochote moyoni, amewahi kufanyiwa upasuaji, anafanya kazi gani. Aliposikia kazi, akaweka kalamu chini.

“Hutaingia bado,” akasema. “Fundi wa vyuma lazima nione macho yake. Kibanzi kidogo tu kikiwa humo, sumaku itakisogeza, na jicho linaweza kupotea.”

Msengi alisema cheche zinamrukia kila siku na hajawahi kuumia. Akapelekwa eksirei. Nilisimama ukumbini nikifikiria kwamba huo nao ni mwanga, ule usioonekana, wenye vipande vya nguvu vinavyopenya nyama na kuzuiwa na mfupa na chuma. Nikayarudia hayo kama mtu anayesali.

Picha ilipotoka ilionyesha nukta nyeupe ndani ya jicho la kushoto.

Daktari wa macho alimhoji taratibu, na ndipo Msengi akakumbuka siku moja kwenye grenda, mashine ya kusagia vyuma, alipohisi kama ameumwa na mdudu jichoni. Aliosha kwa maji, maumivu yakaisha, akaendelea na kazi. Daktari akatueleza kwamba kibanzi kiliingia hapo na kimekuwa kikipata kutu, na kutu hiyo inaliua jicho polepole na kuongeza shinikizo ndani yake, ambalo ndilo lililoleta maumivu ya kichwa. Kwa tahadhari walimpiga picha ya CT, isiyohitaji sumaku, ili waone kichwa chote. Hapakuwa na uvimbe.

Nilitoka nje nikalia kando ya ukuta, nikiwa nimesimama. Miguu ilikuwa bado haitaki kukaa.

Walimfanyia upasuaji wakakitoa kile kibanzi. Daktari hakutudanganya: kilichokwisha kuharibika hakitarudi chote. Bandeji ilipoondolewa, Msengi aliweza kunitambua nikiwa karibu, lakini maandishi yalimshinda kwa jicho lile.

Tukiwa njiani kurudi, tulipopanda Saranda, alilala begani kwangu, nami kwa mara ya kwanza nikatazama nchi bila kuhesabu vituo. Nilikuwa nimesafiri kuifuata sumaku ile na sikuiona. Niliishia kuona mlango wake. Nilichojifunza ni kwamba elimu ninayoiandika ubaoni haiko mbali na watu, na kwamba ukiifundisha nusu, mtu mwenye hofu ataikamata nusu hiyo ajifiche nayo. Sasa ninapofika kwenye sura ile darasani, nakaa muda mrefu zaidi kueleza inaishia wapi.

Kinampanda tulimkuta mama amesimama njiani, mbali na nyumba. Sijui alikuwa hapo tangu saa ngapi. Hakusubiri salamu. Aliuliza wameona nini kichwani mwa mwanawe.

Msengi akamwamkia kwanza, kisha akamjibu, “Kichwani hamna kitu, mama.”

Mama alimtazama, machozi yakimtoka.

“Hilo nililijua tangu ukiwa mdogo,” akasema, akachukua mkoba begani mwake, akatangulia nyumbani.