Waya wa Jivatbhai

Siku tatu mfululizo lori la maziwa liliondoka kijiji cha Vadpura likiwa limejaa nusu tu, na lawama zote zikamwangukia Daksha Rabadiya. Ndiye aliyeandika kiendeshi, ile programu ndogo inayoiwezesha kompyuta ya chama cha ushirika cha wauza maziwa kuzungumza na mashine ya kupima mafuta ya maziwa. Kompyuta ikiganda, maziwa hayapimwi; yasipopimwa, lori haliyangojei, na hadi adhuhuri yameshachacha.

"Waambie wasichomoe waya wa mashine," mkuu wake wa kazi huko mjini Rajkot alimwambia. "Bandika tangazo."

Daksha alipanda basi hadi kijijini badala yake, akakaa kwenye kigoda cha chama asubuhi mbili, akihesabu. Katibu, Jivatbhai, alichomoa waya mara kumi na moja kila asubuhi. Kila wanawake kumi wakishapimiwa maziwa yao, aliipeleka mashine bombani kuisuuza, na maji na umeme hakuwa tayari kuvishika pamoja.

Hapo Daksha akaliona kosa lake. Mezani kwake alikuwa akichomoa kwa adabu, kazi ikishakwisha. Jivatbhai alichomoa kompyuta ikiwa bado inapokea kipimo cha mwisho. Mara kiendeshi kiliganda kikingoja jibu la mashine isiyokuwepo. Mara kilifuta kumbukumbu ambayo programu ya kupima ilikuwa bado inaitumia, kama mtu anayebomoa kitanda mgeni akiwa bado amelala.

Akaandika upya. Waya ukichomoka, kiendeshi kikubali kwanza kwamba kifaa hakipo, kikatae maombi mapya, kiziamshe programu zinazosubiri jibu na kuziambia imeshindikana. Kisifute kitu mpaka ya mwisho iage.

Asubuhi ya majaribio foleni ilifika barabarani.

"Leo tena tumekuja kunywesha mbwa maziwa yetu?" akauliza Rambhaben, mwenye nyati sita wa kukamwa.

"Mimina, Rambhaben, maneno baadaye," akasema Jivatbhai. Kipimo kilipoanza tu, akachomoa.

Skrini ikaandika: *Mashine imeondolewa. Ichomeke, upime tena.* Akachomeka. Tarakimu zikatokea.

"Bahati hiyo! Hebu nipe." Rambhaben akauvuta waya mwenyewe, akaurudisha, akauvuta tena, mara sita, moja kwa kila nyati.

"Utang'oa tundu, dada!"

"Nyamaza, Jivatbhai, ulianza wewe." Akamgeukia Daksha, akamwita kwa heshima. "Dakshaben, mwanangu, kwa hili sasa umeweza."

Saa moja na robo maziwa yote yalikuwa yamepimwa. Dereva wa lori alipanda juu ya tangi lililojaa hadi mdomoni, akakibana kifuniko kwa magoti mawili ndipo kikafunga.